Tekla na Pipa la Mbweni

Asubuhi ile Tekla aliamka kabla ya jogoo wa jirani, kama siku zote. Akawasha mkaa. Akabandika chai. Theonest, mumewe, alibaki kitandani akisikiliza vikombe. Vikombe vya Tekla vilikuwa na lugha yao. Vikigongwa mara mbili, chai tayari. Vikigongwa mara tatu, amechoka kungoja.

Viligongwa mara tatu.

"Baba Audax, jua linakupita."

"Linipite wapi? Bado liko Magomeni. Halijafika Kimara."

Wakanywa chai na viazi vitamu vya jana. Hawakuongea mengi. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mengi yalikuwa yameshaongewa. Theonest alipokuwa anavaa ndala za kwenda sokoni, Tekla akamwambia:

"Leo niletee ndizi mbivu. Zenye madoa kama chui. Mikungu sita."

"Sita? Mgongo huu una miaka sabini na mbili."

"Usiuambie. Mgongo haujui kuhesabu."

Theonest akacheka, akatoka. Hakugeuka nyuma. Hakukuwa na sababu ya kugeuka.

Saa nane mchana alirudi na mikungu yake sita, yote yenye madoa. Akaona viti vya plastiki vimepangwa nje ya nyumba. Viti havijipangi vyenyewe. Mwamvita, jirani yao, alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani. Mwamvita ambaye hajawahi kumwona Theonest asimtanie, siku hiyo hakumtania. Moyo wa Tekla ulisimama saa nne, wakati anaanika nguo. Hakuugua. Hakuaga.

Watu wakakaa msiba siku tatu, na kila aliyekaa alisimulia habari ya Tekla na pipa. Mmoja akasema pipa lilikuja kutoka Dodoma likiwa limejaa tayari. Mwingine akasema kuna Mzungu alimfundisha. Uongo mtupu. Ilikuwa hivi.

*

Audax, mtoto wao, alimpenda Flaviana binti wa Mzee Nikodemu wa Mabibo. Mzee Nikodemu alikuwa karani wa ghala, amestaafu. Mtu wa koti. Joto la Februari, koti. Foleni ya maji, koti. Ni Mhaya kama wao, ila yeye Uhaya alikuwa anaushika kwa mikono miwili.

Mshenga akaenda, mshenga akarudi. Akakaa, akaomba maji, akasema:

"Mzee hataki kreti. Soda anasema ziko dukani, bia ziko baa. Anataka rubisi. Ikandwe nyumbani kwa mposaji, na mama wa mposaji mwenyewe. Akiinywa, binti kaposwa. Akiitema, mnarudi na kijana wenu."

Tekla akapiga kofi moja, pa!

"Rubisi tu? Huyo mzee hajanijua bado!"

Na kweli alikuwa hajamjua. Kwa rubisi, ile pombe ya ndizi ya kwao, Tekla hakuwa na mpinzani kuanzia Kimara mpaka Kibamba. Nyuma ya nyumba alikuwa na gogo lililochongwa katikati kama mtumbwi mdogo, ambalo kwao huitwa obwato. Theonest alilileta kutoka Kamachumu juu ya lori la ndizi, amelilalia njia nzima. Ndizi mbivu zinamenywa, zinamwagwa humo na nyasi, zinakandwa mpaka zitoe maji yake. Maji yanachujwa, mtama uliosagwa unatiwa, majani ya mgomba yanafunika. Siku ya pili rubisi inanoga. Ya tatu inakolea. Ya nne imekuwa siki. Ndiyo tabia yake. Rubisi haingoji mtu.

Mara ya kwanza Tekla alikanda Alhamisi kwa safari ya Jumamosi. Ijumaa jioni simu ikalia. Mzee amebanwa na kliniki, njooni mwezi ujao.

Jumapili rubisi ikawa siki. Tekla akaimwaga kwenye shina la mgomba. Kuku wa Mwamvita wakapita ukutani, wakanywa, wakaanza kutembea ubavu ubavu kama kaa. Jogoo akalala katikati ya njia, miguu juu.

"Mama Audax!" Mwamvita akapiga kelele. "Kuku wangu umewabatiza!"

"Wamekuja wenyewe, wamebatizwa kwa hiari!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mara ya pili akakanda tena. Usiku wa kuamkia safari, habari zikaja kwamba mzee kafiwa na binamu, kapanda basi la Bukoba. Rubisi ikachacha tena. Safari hii Tekla hakucheka. Alimwona Audax amekaa kwenye kizingiti, mikono kichwani, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, kama mtoto aliyepoteza daftari.

Mshenga akaja na neno la tatu.

"Mzee anasema tarehe ataitoa yeye, siku atakayoitoa. Mkae tayari wakati wote. Na mkija na siki, asilaumiwe."

Sasa hapo mtu anafanyaje? Utakaaje tayari wakati wote na kinywaji kinachokufa siku ya nne? Theonest alisema waende na kreti, liwalo na liwe.  Tekla alikuwa ametulia, naye akitulia ujue kuna kitu kinapikwa kichwani.

*

Siku tatu kwa juma Tekla alikuwa anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni huko Mbweni. Mlangoni pale palikuwa na mapipa mawili ya mbao, manene tumboni, membamba miguuni na shingoni. Juu yake vyungu vya maua. Miaka miwili Tekla alikuwa anaanika matambara yake juu ya mapipa yale bila kuyatazama.

Juma lile akayatazama.

"Jonas," akamwita mtunza bustani. "Hivi haya mapipa yalikuwa ya nini?"

"Ya mvinyo, mama. Mvinyo wa Dodoma. Unakaa humo mwaka, mwingine miwili."

"Miwili! Hauchachi?"

"Uchache vipi? Kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Pipa likijaa na kizibo kikikaza, hewa haiingii. Hewa ndiyo inayochachisha."

Shuka likamponyoka Tekla, likaanguka kwenye matope. Hakuliokota.

"Kama zabibu inakaa," akasema, "ndizi imekosa nini?"

Mwenye nyumba alikuwa anabadilisha, analeta meza za vioo. Pipa moja lilikuwa limeoza mguu. La pili lilikuwa zima. "Chukua, mama," wakamwambia. "Tungelipasua kuni."

Basi Kimara siku hiyo ilishuhudia mambo. Likaja guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, Tekla kakaa nyuma kalikumbatia pipa. Lilipofika kwenye kilima cha kwenda kwao, guta likakoroma, likakohoa, likazimika. Dereva akashuka, akakitazama kilima, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa mie basi."

"Lishushe!"

Theonest akaitwa mbio. Alipofika alimkuta mkewe amelilaza pipa barabarani, anacheka peke yake.

"Baba Audax, njoo uone! Ona! Kidole kimoja!"

Akalisukuma kwa kidole. Pipa likazunguka. Kwa kuwa tumbo lake ni nene, linagusa chini mahali padogo tu, ukitaka liende kushoto linakwenda, kulia linakwenda. Kitu kizito kama watu wawili, kinamtii bibi wa miaka sitini na sita.

"Aliyelitengeneza," Tekla akasema, "alijua kuna Kimara duniani!"

Wakalisukuma kupanda kilima. Watu wakatoka madukani. Saluni ikabaki tupu.

"Mama Audax, umeleta nini?"

"Nimeleta mkwe!" Tekla akajibu, jasho linamtiririka. "Pisheni, mkwe anapita!"

*

Theonest akalizunguka pipa mara tatu. Mbao ishirini na nane zimesimama bega kwa bega. Hakuna msumari. Hakuna gundi. Pete sita za chuma tu.

"Linashikana na nini?"

"Na maji," Tekla akasema. "Jonas kaniambia. Mbao ikinywa maji inavimba, inabanana na mwenzake."

Wakalijaza maji. Siku ya kwanza likavuja kila upande. Ya pili likavuja upande mmoja. Ya tatu likanyamaza. Tekla akalimwaga, akalisuuza na maji ya moto, akabakisha maji kidogo chini. Siku hiyo akaitwa Mbweni, kulikuwa na wageni wa harusi, mashuka mengi, itabidi alale huko. Akamwambia mumewe neno moja tu:

"Liangalie pipa."

Theonest akaliangalia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa na obwato, na kazi ya Theonest ilikuwa kuukausha. Ukishakamuliwa ndizi, unaoshwa, unafutwa, unainamishwa juani. Aliuacha na maji siku moja, akala fimbo ambazo mpaka leo anazikumbuka mahali zilipotua. Mbao ikilala na maji inaoza. Hilo alilijua kuliko Baba Yetu.

Basi akamwaga maji yaliyobaki. Akafuta ndani kwa tambara. Akaliweka juani, kwenye ukuta unaopata jua kutwa. Siku tatu. Alikuwa na furaha. Alijua mkewe atarudi, atamsifu.

Siku ya tatu mchana akasikia mlio, ngaa! Pete ya chuma imeshuka yenyewe. Akalisogelea. Akaona mwanga wa jua unapita ndani, mistari mistari. Akaligusa kwa kidole, kidogo tu, kama anavyogusa mtu mlango wa mgonjwa. Pipa likafunguka lote. Mbao zikalala chini kuzunguka kama maganda ya ndizi.

Na Tekla huyo anaingia getini na mfuko wake.

Mwamvita akachungulia ukutani.

"Umefanya nini?" Tekla akauliza.

"Nimelikausha."

"Umelikausha!"

"Mbao ikilala na maji inaoza. Baba alinifundisha."

Tekla akakaa juu ya ndoo. Theonest akangoja matusi. Angepata nafuu kama angepata matusi.

"Baba yako alikufundisha obwato," Tekla akasema polepole. "Obwato ni gogo moja. Hili ni mbao ishirini na nane zinapendana kwa sababu ya maji. Wewe umezinyima maji, zimeachana."

"Kama ndoa za siku hizi," Mwamvita akasema kutoka ukutani.

Tekla akajizuia. Akajizuia. Akashindwa, akacheka. Alipocheka, Theonest akapata miguu yake tena.

Ubao hakuujua. Kamba alizijua. Miaka arobaini kwenye soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo alikuwa anafunga mikungu kwenye mkokoteni, na mkungu aliofunga Theonest haujawahi kuanguka. Akaenda nyuma ya nyumba, akaja na mipira yake yote, ile inayokatwa kwenye tyubu za magari. Akaimwaga chini kama mtu anayemwaga nyoka.

"Zisimamishe mbao," akamwambia mkewe.

Zilikuwa zimeanguka kwa mpangilio wake, kila moja iko jirani na mwenzake. Tekla akazisimamisha moja moja ndani ya pete kubwa. Ya ishirini na moja ikisimama, ya tatu inalala. Mikono haikutosha. Mwamvita akaona hapana, akazunguka, akaingia getini, akapandisha mikono ya gauni.

"Mie hiyo pombe yenu siijui wala siigusi. Nashika chuma. Chuma si haramu."

"Shika hapo, dada!"

"Nimeshika! Mbona lenyewe linanisukuma?"

Theonest akazungusha mpira. Akaweka mguu kwenye mbao, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mbao zikalia, zikasogeleana.

"Kaza!" Tekla akapiga kelele.

"Nimekaza!"

"Kaza kama mkungu wa kwenda Kariakoo! Unakaza kama unafunga zawadi!"

Mpira wa pili. Wa tatu. Pipa likarudisha tumbo lake. Wakazishusha pete, nyundo huku, nyundo huku, kidogo kidogo kuzunguka, maana ukipiga upande mmoja upande wa pili unapanda. Mifuniko ikaingia. Penye mwanya Tekla akasokota maganda makavu ya mgomba, akayasukumia kwa ncha ya kisu. Halafu maji ya moto. Halafu maji ya baridi. Likavuja kama ndoo ya kumwagilia mchicha.

Kesho yake likavuja machozi tu. Siku ya pili matone matatu, Theonest aliyahesabu. Siku ya tatu asubuhi akapitisha kiganja pande zote. Kikavu. Akapitisha tena. Kikavu! Akatoka mpaka barabarani, babu mzima, shati halina vifungo.

"Halivuji!"

Dereva wa bodaboda akamwangalia.

"Hongera, mzee. Bati jipya?"

"Pipa!"

"Haya, hongera hiyo hiyo."

*

Ndizi zikaja, mikungu kumi na minane. Tekla hakutia mtama, kwa kuwa mtama ndio unaoharakisha siki. Akachuja mara tatu kwa kitambaa cheupe. Akajaza mpaka shingoni, akapigilia kizibo. Akajipangusa mikono.

Siku ya tatu, adhuhuri, Mwamvita alikuwa anatandika mkeka wa kuswalia. Pwaa! Kizibo kimeruka, kimepiga bati, kimerudi, kimepiga ndoo. Mtaa mzima ukatoka.

"Transfoma!" mmoja akapiga kelele.

"Transfoma gani," Mwamvita akasema, mkeka begani. "Huyo ni mkwe anapiga chafya!"

Tekla alikuwa ameshaliinamia pipa, sikio kwenye mbao. Akamwita mumewe kwa mkono.

"Sikiliza. Bado linapumua. Nimemziba mtu pua akiwa anapumua."

Theonest akaweka sikio. Ndani kulikuwa kunachemka taratibu, kama mvua ya mbali juu ya migomba. Wakaweka jani la mgomba tu pale juu, wakalifunga kamba legelege. Kila asubuhi Tekla aliweka sikio. Wiki ya tatu akasema, "Limelala." Hapo ndipo kizibo kikarudi, kimevikwa kitambaa na nta ya nyuki.

Tangu hapo hakuna aliyeonja. Kwao kinywaji cha mkwe hakionjwi na anayekipeleka. Mwenye nyumba anayekipokea ndiye anayeanza. Tekla alilishika hilo kama amri.

"Tone moja," Theonest akaomba.

"Hata harufu."

Kila mwezi alifungua kizibo upesi, akatumbukiza kijiti kupima. Kila mwezi kinywaji kimepungua vidole viwili.

"Nani anakunywa?" Theonest akauliza.

"Mbao zinakunywa."

"Mbao zinakunywa, mie nakatazwa!"

Pakibaki nafasi hewa inakaa, na hewa ni adui. Tekla akaokota vijiwe vyeupe vigumu, akavichemsha kwenye sufuria, akavitumbukiza kimoja kimoja mpaka kinywaji kikapanda shingoni tena. Theonest alipoona sufuria ya mawe jikoni alidhani mkewe amechanganyikiwa.

Pasaka ikapita. Mzee Nikodemu kimya. Sabasaba ikapita, Nanenane ikapita. Audax akakonda. Mwamvita kila akichota maji anauliza:

"Mimba ya mbao mwezi wa ngapi?"

"Wa saba."

"Mama, itakuwa mapacha hiyo."

Novemba mshenga akaja anahema. Hata kukaa hakukaa.

"Mzee kasema Jumamosi hii! Siku nne! Mtawahi?"

Tekla alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata macho.

"Mwambie hata kesho."

*

Jumamosi pipa likapanda guta, limefungwa mipira saba na Theonest mwenyewe. Wakashuka kuelekea Mabibo. Tekla kakaa upande mmoja, Theonest upande wa pili, pipa katikati kama mzazi mwenzao. Katikati ya njia Tekla akaweka sikio kwenye mbao, kama alivyozoea. 

"Baba Audax. Ikiwa siki?"

"Haitakuwa."

"Unajuaje? Hakuna anayejua. Ikiwa siki, mwanangu atanitazama vipi?"

Theonest akaukaza mpira mmoja wa pipa. 

"Mie ndiye niliyelikausha," akasema. "Atanitazama mie."

Kwa Mzee Nikodemu turubai limefungwa, viti vimejaa. Wazee mbele, mama wa vitenge pembeni, Flaviana nyuma ya pazia; vidole vyake vinaonekana. Mzee kasimama na koti lake, vifungo vyote. Guta likaingia.

"Hiki nini? Nimesema rubisi, nyie mmeniletea tangi?"

"Rubisi imo ndani, mkwe," Tekla akasema.

"Ya lini?"

"Ya Februari."

Kicheko kikalipuka. Bibi mmoja akafuta machozi.

"Ya Februari! Mama, hiyo ni ya kusugulia masufuria!"

"Labda alikosea, alitaka kusema ya Alhamisi!" mwingine akadakia.

Audax akainama, anatazama viatu vyake. Tekla akasimama wima. Akang'oa kizibo. Pipa lilikuwa zito, na mawe yamo ndani, haliwezi kuinamishwa. Akatoa mpira mwembamba mpya, unaoonyesha ndani, akatumbukiza ncha moja. Ule mpira ni lazima mtu auvute kwa mdomo ndipo kinywaji kishuke.

Audax akasogea avute.

"Rudi," mama yake akasema. "Anayeleta haonji."

Mshenga akasogea.

"Na wewe umetoka kwetu. Rudi."

Kijomba kimoja cha akina Flaviana kikainuka, mate yameshajaa. Tekla akakizuia kwa mkono.

"Mila ni ya mzee mwenyewe. Mwenye nyumba ndiye anayeanza."

Macho yote yakamgeukia Mzee Nikodemu. Ndiye aliyeihubiri mila hiyo kwenye kila harusi ya Wahaya mjini. Akatazama mpira. Akatazama watu. Akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Akavua koti! Mkewe alishika mdomo. Watu wa Mabibo walikuwa hawajui kama mzee yule ana mabega.

Akapiga magoti mbele ya pipa, akaweka mpira mdomoni, akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Kinywaji kikaonekana kinapanda ndani ya mpira, rangi ya asali, kinapanda, kinapanda, kikaingia. Mashavu yakajaa.

Hakumeza. Hakutema. Akafumba macho.

Theonest alisikia jirani anakata kitunguu. Alimshika Audax mkono, na mkono wa Audax ulikuwa baridi kama samaki.

Koo likashuka.

Sasa hapo angetoa mpira mdomoni, auweke kwenye jagi, wengine wapate. Hakuutoa. Koo likashuka tena. Na tena. Mara ya nne mkewe akainuka kwenye kiti.

"Baba Flaviana! Waachie na wenzio!"

Vigelegele! Turubai lilitaka kupaa. Pazia likafunguka, Flaviana akatoka mzima mzima bila kuitwa, bibi wa masufuria akawa wa kwanza kuleta kikombe. Jagi likajaa, likaisha, likajaa. Na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa ameshaanza, Theonest naye akapewa bilauri yake. Miezi tisa ya kukatazwa. Akanywa. Ndizi ilikuwamo, lakini ndizi iliyotulia, ina moshi kidogo, ina harufu ya mkate, inashuka bila kukwaruza. Akamtazama mkewe. Akampa bilauri.

Mzee Nikodemu alikuwa bado yupo magotini. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Mama Audax," akasema, "nimekunywa rubisi tangu sijaota meno. Hii sijawahi. Nani kakufundisha?"

Tekla akanywa kwanza funda moja, akaliweka ulimini, akalimeza. Kisha akamjibu, watu wote wanasikia:

"Umenifundisha wewe, mkwe wangu. Ungesema tarehe ikawa tarehe, leo ungekunywa ya siku tatu kama watu wengine."